Taa Iliyokataa Kuitika

Hakuna dereva mjini hapa anayenishinda kufunga breki. Wiki iliyopita nilizifunga vizuri sana, kwa mguu mzima na sala juu yake. Bahati mbaya gari halikuwa na habari, nikaingia ghala la unga la mwoka mikate bila kupiga hodi.

Kwa wewe ambaye gazeti lako la wiki iliyopita lilifungiwa samaki, nakukumbusha kwa ufupi. Mimi ni mjane. Nina gari la buluu aliloniachia marehemu, kuukuu lakini lina adabu. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ana la aina hiyo hiyo, jeupe. Ndugu wale waliyanunua pamoja kama mapacha wanaoshonewa sare. Lake limechoka, na langu analitaka.

Taa ya ABS ikawaka kwenye dashibodi yangu, ikakataa kuzima. ABS ni ile pampu inayozipimia breki pumzi, ukikanyaga kwa hofu matairi yasikwame na gari likateleza. Fundi akasema pampu imekufa, akaweka nyingine. Taa ikazima, nikamshukuru Mungu na fundi, wote kwa pamoja. Kisha nikateremka mteremko wa sokoni, nikakanyaga, na pedali ikazama mpaka chini kama mguu uliotumbukia kwenye tope.

Magunia ya unga ndiyo yaliyonipokea. Nilitoka mzima, mweupe kama mkate ambao haujaingia tanurini. Aliyeumia moyo ni paka wa mwoka mikate, ambaye mpaka leo akisikia gari anapanda juu ya kabati.

Na niliapa hapa hapa gazetini, nanyi ni mashahidi wangu. Nilisema yeyote aliyenichezea breki zile, awe nani, nitamkalisha kiti cha mbele cha gari lile lile, nitamfunga mkanda kwa mikono yangu, na tutateremka wote wawili. Mimi unga nimeshauzoea.

Sasa sikiliza yaliyofuata.

Kabla sijamaliza kujipangusa unga masikioni, shemeji alifika kunipa pole. Huyu bwana kila neno lake linaanza na pole. Siku aliyooa alimwambia bibi harusi pole, na hiyo ndiyo siku pekee niliyomsikia akisema kweli.

"Pole, shemeji."

"Nimeshapoa."

"Pole sana. Ni uzee huo. Mguu unadhani umekanyaga breki, kumbe umekanyaga mafuta."

"Mguu wangu unajua breki iko wapi."

"Pole. Wote husema hivyo."

Alikuwa na mfuko mkubwa, na alikuwa akiuficha nyuma ya miguu yake kama mtu aliyekuja na mbwa.

"Huo mfuko umeniletea matunda?"

"Hapana, huu ni wa mambo yangu."

Nikajifanya nataka kumpisha kwenye kochi, nikaupiga teke dogo la kizee. Mfuko ukalala. Vikatoka vitambaa vya viti vya gari, vipya, bado viko kwenye plastiki.

"Vya gari langu," akasema haraka.

"Gari lako umelivalisha juzi, vitambaa vya kahawia. Hivi ni vya buluu."

Akakohoa. Akavirudisha kimoja kimoja mfukoni, taratibu, kama anayekunja nguo za maiti.

"Shemeji, sisi tunakupenda," akasema. "Jumapili tutakaa kikao hapa hapa kwako. Dada mkubwa atakuja. Tutazungumza habari ya ufunguo, kabla hujaua mtu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtu aliyekuja kunipa pole alikuwa ameshapima viti.

Msije mkadhani nagombania bati. Ule ufunguo ndio miguu yangu. Kwa ufunguo ule ninajipeleka sokoni, ninampeleka jirani hospitali, ninakwenda ninakotaka na kurudi nikichoka. Ukinipokonya, nimekuwa kiti cha sebuleni, cha kupanguswa vumbi Jumamosi na kuulizwa kama nimekula.

Nikamsindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote. Na kisasi changu nikakiweka kwapani kama kifaranga, nikaanza kukipa joto.

Mtu aliyenishangaza zaidi ni binti yangu. Tunaishi wawili, mimi naye. Yeye ni msusi, ana saluni yake chumba cha mbele, anasuka nywele na kupaka watu kucha. Aliporudi akanikuta nimekaa na madonge ya unga kwenye nyusi, alilia kuliko mimi niliyegonga.

"Mama, ungekufa."

"Sikufa."

"Lakini ungekufa. Mimi ningesema nini?"

"Ungesema nilikuwa mzuri. Watu wangekukubalia, wakiogopa kubisha msibani."

Hakucheka. Kwa kawaida hucheka.

"Mama, mpe baba mdogo hilo gari upumzike."

"Yeye ndiye aliyekutuma?"

"Nani, mimi? Mimi na baba mdogo hatujaongea tangu siku tuliyomzika baba. Unajua mwenyewe."

Najua. Waligombana makaburini, udongo haujakauka, kwa sababu ya gari hili hili. Nikampapasa mgongo, nikamwambia akanawe uso.

Fundi naye alikuwa ameshakuja kulikagua gari pale lilipovutwa kwa kamba mpaka uani kwangu. Wanamwita Kesho, maana hakuna kazi aliyowahi kuimaliza leo. Alikanyaga pedali, akaikanyaga tena na tena, mpaka ikawa ngumu. Kisha akawaita majirani waje kushuhudia.

"Breki ngumu kama jiwe," akasema. "Pampu ni mpya. Hapa ni mguu wa mama tu."

Majirani wakanitazama miguu. Nilikuwa nimevaa viatu vya kushoto na kulia kama kawaida, lakini siku ile hata hivyo vilionekana vina makosa.

Asubuhi yake nikaingia kwenye gari peke yangu. Pua yake imepondeka, taa moja inatazama juu kama inayoomba mvua, lakini moyo wake mzima. Sikutaka kwenda popote. Nilitaka tu kukaa mahali ambapo marehemu alizoea kukaa na kunikosoa.

Yeye ndiye aliyenifundisha. Mimi shule yangu iliishia ya msingi, na alijua lugha ya kunifundishia. Aliniambia: ukizungusha ufunguo mara ya kwanza, kabla injini haijanguruma, zile taa za dashibodi ni darasa, nawe ni mwalimu unaita majina. Kila taa lazima iwake kidogo, iseme nipo, kisha izime ikae kimya. Inayobaki imewaka ina ugonjwa. Lakini ile isiyowaka kabisa, akasema, hiyo iogope zaidi. Hiyo ni mtoto ambaye hakuja shule na mama yake anadhani yuko shule.

Nikazungusha ufunguo. Ya mafuta ikasema nipo. Ya betri, nipo. Ya mkanda, nipo. Ya breki ya mkono, nipo.

Ya ABS kimya.

Nikazima, nikaita tena. Kimya. Pale ilipokuwa ikiwaka palikuwa na giza kama pengo la jino.

Basi mimi nilikuwa nimefurahi kwamba taa imezima, kumbe haikuzima. Ilikuwa haiwaki. Gari halikupona. Gari lilizibwa mdomo.

Nilikaa pale nikitabasamu peke yangu, mpaka jirani aliyekuwa anaanika nguo akaniuliza kama nimegonga na kichwa.

Sasa ningemfuata Kesho gereji na kumkaripia, angesema balbu imeungua, nipitie kesho. Fundi hakamatwi kwa maswali. Nikaenda kumtafuta mama yake.

Mama yake Kesho ni shoga yangu. Tulikaa dawati moja, tukanyang'anyana kifutio kimoja. Sikumwambia kitu. Nilimwalika tu aje kunitazama mgonjwa, akaja na kanga zake mbili na mkoba wake, akanikuta mgonjwa mwenyewe anafagia uwanja. Tukazungumza mpaka jua likawa kali. Kisha nikampigia mwanawe simu.

"Mwanangu, njoo umchukue mama yako. Amechoka, hawezi kutembea."

"Naja, bibi. Nije na pikipiki?"

"Usimpandishe mama yako pikipiki, magoti yake mabovu. Utampeleka na gari langu. Si umesema breki ngumu kama jiwe?"

Nikasikia spana ikianguka.

Alikuja mbio, mikono bado ina grisi. Akamkuta mama yake ameshaketi kiti cha mbele, mkoba mapajani, mkanda nimeshamfunga mwenyewe.

"Mama, shuka," akasema Kesho.

"Nishuke kwa nini?"

"Tutembee. Kutembea ni afya."

"Afya nilikuwa nayo kabla sijakuzaa wewe. Washa gari."

"Gari lina pancha."

Mama yake akachungulia nje. "Matairi yote yamejaa pomoni."

"Halina mafuta."

"Nimelijaza," nikasema. "Na mpitishe mteremko wa sokoni, shoga yangu anataka kununua nyuzi."

"Ndiyo, nyuzi nyeupe," akasema yule mama. "Na unaogopa nini? Si wewe uliyelitengeneza? Watu wakiniuliza mwanao anafanya nini, nawaambia anatengeneza breki. Mimi kwenye gari lililotengenezwa na mwanangu siogopi hata kama ni mlima."

Alisema hivyo kwa fahari, uso unamng'aa. Kesho akainamisha kichwa juu ya boneti.

Mimi nilikuwa nimeegemea mlango, nimemshikia ufunguo mbele ya pua, nauning'iniza. Nikiri kwamba nilikuwa na raha. Raha ile sikuipata hata siku ya harusi yangu, maana siku ile viatu vilinibana.

"Haya, baba," nikamwambia. "Mama anangoja."

"Bibi, nakuomba," akanong'ona. "Njoo pembeni."

"Pembeni hatuendi. Mimi masikio yangu mazito, sema hapa."

Akasema pale pale, mama yake akisikia kila neno.

"Pampu yako haikuwa mbaya. Ni waya tu kwenye tairi la mbele, unaokwenda kwenye kile kidude kinachosoma mwendo. Ulikuwa umekatika. Ndiyo maana taa iliwaka."

"Na pampu yangu iko wapi?"

"Iko kwenye gari jeupe."

"Na hii iliyomo humu?"

"Ni ya gari jeupe. Ile iliyokufa."

"Na pedali kuzama?"

"Upepo, bibi. Ukifungua pampu, upepo unaingia kwenye mabomba ya breki, lazima uutoe wote. Mimi niliutoa kidogo. Nilitaka kumalizia kesho."

"Na juzi mbele ya majirani ikawa ngumu kama jiwe?"

"Ukikanyaga mara nyingi inanyanyuka. Ukiiacha inalala tena."

"Na taa?"

"Nilichomoa balbu."

Mama yake alifungua mkanda. Akashuka taratibu kwa yale magoti yake. Akamzunguka mwanawe, akampiga mgongoni kwa mkoba wake, mara moja tu, bila hasira, kama mtu anayekung'uta mkeka.

"Nitatembea," akasema, na akaanza kutembea.

Kile kipigo kilimwumiza Kesho kuliko chochote ambacho ningemfanyia mimi. Lakini sikuwa nimemaliza.

"Aliyekutuma nani?"

"Unamjua."

"Mtaje."

"Alikuja gereji, akasema pole na kazi."

Hapo hakuhitaji kutaja tena.

"Alikuwa peke yake?"

"Peke yake. Ila alikuwa anaongea na mtu kwenye simu. Alikuwa anamwambia usijali, hakuna atakayeumia, litamsumbua tu mpaka alichoke mwenyewe aliache."

Nikajua ni mkewe. Nani mwingine angeambiwa maneno hayo.

"Jumapili utakuja kuyasema haya kwenye kikao."

"Nitakuja, bibi."

"Na pampu yangu naijua, usije ukafikiri mtaibadilisha tena. Ina alama."

Akanitazama kama mjinga. "Alama gani? Mimi sikuona alama yoyote."

"Ndivyo inavyotakiwa," nikamjibu.

Niwaeleze habari ya alama. Kila anayenijua anajua kwamba sufuria zangu zina doa jekundu chini, la rangi ya kucha. Vijiko vina doa, mabeseni yana doa, viti vya plastiki vina doa kwenye mguu. Watu wa kuazima vyombo vya shughuli ni wepesi wa kusahau, na doa langu jekundu limewakumbusha wengi. Wifi yangu mkubwa nilimkuta na mwiko wangu miaka mingi baada ya harusi ya mwanawe, na mpaka leo hatuuzungumzii.

Siku gari lilipokuwa linakwenda gereji, nilitaka kulipaka nalo. Chupa ya nyekundu ikawa imekauka. Nikaingia saluni kwa binti yangu nikachukua iliyokuwa karibu: kijani. Kijani cha chura aliyenyeshewa. Aliiagiza mteja mmoja, akaiona kwenye kucha zake akaifuta papo hapo.

Binti yangu alinimulikia tochi nikapaka. Niliweka kitone kimoja, chini kabisa ya pampu, ubavu wa ndani, kule nyuma ambako fundi hatazami.

"Mama, sasa hata gari unalipaka kucha?"

"Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani?" akasema, tukacheka.

Basi Jumamosi jioni, tulipokuwa tunapanga viti vya kikao, nikamwambia kila kitu. Nilimwambia ya fundi, ya gari jeupe, na kwamba kesho, akija shemeji na gari lake, nitaomba boneti lifunguliwe mbele ya watu wote.

Aliacha kupanga viti.

"Mama, na kama alama haipo?"

"Ipo."

"Rangi ya kucha huwa inatoka."

"Inatoka kwa dawa yake, na dawa unayo wewe."

Akainama kufuta kiti ambacho alikuwa ameshakifuta.

"Kiapo chako cha gazetini," akasema, "kile cha kumkalisha mtu kiti cha mbele. Kilikuwa cha utani?"

"Mimi na utani wapi na wapi."

Akasema kichwa kinamwuma, akaingia chumbani kwake. Nikamsikia anaongea kwa sauti ndogo. Nikadhani anasali, nikafurahi kwamba nimelea.

Jumapili ikafika. Akaja wifi mkubwa, ambaye ni dada wa marehemu na wa shemeji. Alikuwa karani wa mahakama mpaka akastaafu, na hata leo ukibisha hodi kwake hasemi karibu, anasema endelea. Akaketi kiti cha kati, akavaa miwani.

Kesho hakuja. Alituma ujumbe kwenye simu kwamba amepatwa na dharura, atapita kesho. Nilipaswa kujua. Mtu anaitwa jina hilo, nawe unampangia siku.

"Shauri ni dogo," akasema wifi. "Wifi yangu amezeeka, amegonga ghala. Ndugu yangu anaomba ufunguo. Wewe unasemaje?"

"Nasema pampu yangu ya breki imo kwenye gari lake."

"Pole, shemeji," akasema shemeji. "Dada, unaona sasa alipofika."

"Umewahi kulipeleka gari lako kwa fundi Kesho?" akauliza wifi.

"Sijawahi. Huyo fundi simjui hata sura. Pampu ya gari langu ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani, haijaguswa na spana."

"Unaapa?"

"Naapa. Mbele ya marehemu."

Marehemu alikuwa ukutani kwenye picha. Sikumwona akishtuka, lakini alikuwa mtu wa kuficha hisia.

"Pampu yangu nimeitia alama," nikasema.

Wifi akavuta mdomo. Nilijua anaufikiria ule mwiko. "Hilo doa lako jekundu."

Sikujibu ndiyo, sikujibu siyo. Niliinuka tu.

"Twende tukatazame. Ikiwa haipo, ufunguo huu hapa, achukue na vitambaa vyake vya buluu alivyokuja navyo mgonjwa akiwa hajapoa. Ikiwa ipo, nilishaapa nitafanya nini, na wewe wifi gazeti unasoma."

"Nasoma," akasema wifi. "Unaandika sana."

Shemeji ndiye aliyetoka wa kwanza. Hapo moyo ukanilegea kidogo. Mwizi hakimbilii kufungua boneti. Yeye alilifungua akipiga mbinja, akalitegemeza na kile chuma chake, akatukaribisha kwa mkono kama mwenye duka.

"Karibuni. Tazameni mpaka mshibe."

Binti yangu alikuwa ameshika tochi. Wifi akainama, miwani ikimteleza puani. Injini yote ilikuwa na vumbi la kuoka matofali. Pampu peke yake ilikuwa inang'aa ubavu mmoja, na pua yangu ikanusa kitu. Ni harufu ninayoishi nayo, harufu ya chumba cha mbele cha nyumba yangu mteja anapofutwa kucha.

Nikaanza kuwaza nani ameisafisha pampu kwa dawa ya kucha.

"Hapa juu sioni nyekundu," akasema wifi.

"Utaionaje na haipo?" Shemeji alikuwa amechangamka sasa, anazungukazunguka, anasugua viganja. "Dada, usitazame juu, asije akasema hukutafuta. Inama. Chini kabisa, ubavu wa ndani, kule nyuma. Mulika pale, mwanangu. Haya, dada, sema ukweli wa Mungu, kuna kijani chochote pale?"

"Hakuna kijani," akasema wifi.

Kisha akabaki ameinama.

Akanyanyuka polepole, mkono kiunoni, akavua miwani. Ukarani wote wa mahakama ukamrudia usoni.

"Kijani?" akasema. "Wifi yangu hajawahi kuwa na doa la kijani. Sufuria zote ni nyekundu." Akameza mate. "Hata miiko. Wewe kijani umekitoa wapi?"

Shemeji alifungua mdomo. Na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, neno lililotoka halikuwa pole. Halikutoka neno.

Ningeruka kwa furaha kama magoti yangeniruhusu. Nimemshika. Nimemshika kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya dada yake, mbele ya marehemu aliyekuwa anatutazama kutoka pichani kupitia dirishani. Nilikuwa nimeshautoa ufunguo mfukoni, namwonyesha kiti cha mbele cha gari langu pale lilipoegeshwa, nikiwaza mkanda nimkaze kiasi gani.

Lakini shemeji hakuwa ananitazama mimi.

Nikakumbuka kwamba Kesho hakuiona alama. Alama ile ilionwa na macho manne tu hapa duniani, mawili yangu, na mawili ya aliyenimulikia tochi.

Nikaufuata mwanga wa tochi mpaka kwenye mkono ulioishika.

"Mwanangu," nikasema, na sauti yangu mwenyewe sikuijua. "Wewe na baba yako mdogo mara ya mwisho mliongea lini?"

"Siku tuliyomzika baba," akasema binti yangu. "Si nilikwambia, mama."

Shemeji akamgeukia kama mtu anayezama aliyeona ubao.

"Mwambie, mwanangu, usiniache peke yangu hapa. Mwambie ulinipigia jana jioni. Na ile siku ya kwanza, kabla gari halijakwenda gereji, mwambie ni nani aliyempigia mwenzake."

Tochi ikaanguka ndani ya injini, ikabaki inawaka huko chini.

Mimi nilikuwa bado nimeushika ufunguo, na mlango wa kiti cha mbele nilikuwa nimeshaufungua.